Kiti cha Ishirini

Uthiru,
Jumapili, 9 Februari 2025

Khocha Shem,

Usishtuke kuona bahasha. Najua una simu, ile ya tochi, lakini simu ya nyumba yetu ni moja na inalala chini ya mto wa Mama, na haya ninayokuandikia si ya masikio ya Mama kwa sasa. Tena nimekuwekea mchoro humo ndani, na mchoro hausemwi kwa simu.

Sisi tu wazima. Mama angali kwenye ile dobi ya Spring Valley, anapiga pasi mashati ya watu kutoka asubuhi hadi saa kumi na moja. Ijumaa miguu yake huwa imevimba, tunamkandia kwa maji ya chumvi. Janice ameingia gredi ya tano na amekuwa na mdomo wa mtu mzima. Juzi alimwuliza mhubiri kama mahubiri yana mapumziko. Anti Lornah hajambo? Na Kukhu, nyanya yetu, bado anawakataza madaktari kumgusa goti?

Sasa neno lenyewe. Khocha, nataka kujifunza kuchora, nifundishwe na mtu anayejua, anayeweza kuniambia ninapokosea. Niko kidato cha tatu na shule yetu haina somo la sanaa. Mwalimu wake alistaafu, na chumba chake siku hizi ni stoo ya viti vilivyovunjika. Nikichora nachora pembeni mwa daftari la Jiografia, napigiwa kelele.

Nimetafuta darasa, usidhani nimeketi. Spring Valley, si mbali na kazini kwa Mama, kuna nyumba yenye bustani ambako watoto wa shule hufundishwa kila Jumamosi. Nilipiga hodi nikiwa na sare yangu. Dada wa mapokezi alikuwa mpole sana, akanipa karatasi ya ada. Nilipoisoma nilidhani ni ya mwaka mzima. Ilikuwa ya mwezi. Huko Westlands nikapata pengine, nikaambiwa ni pa watu wazima na kwamba mvinyo umo ndani ya bei. Niliondoka nikicheka, lakini nilipofika nyumbani nililia.

Mama amenipa masharti. "Wewe tafuta," alisema, "lakini mwisho ni shule zikifungwa Agosti. Upate class ya kweli, iko na mwalimu, na isiniuzishe kitanda. Ukikosa, Saturday zako zote ni tuition ya Chemistry kwa Mwalimu Mutiso, na mambo ya rangi sitaki kuyasikia tena kwa hii nyumba." Nikasema labda wewe, uliyekuwa na kibanda cha kuandika mabango Dagoretti Corner, unajua mtu. Mama aliinuka akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Kwa hivyo nakuuliza mwenyewe. Ni nani huku anayefundisha watu kama sisi? Ukijibu, tuma kwa basi kama hii, na kwenye bahasha andika namba ya Mama Kasyoki wa kioski, ndiye ofisi ya basi itampigia. Nimeiandika nyuma ya mchoro.

Mwiwana wako, mtoto wa dada yako anayekungoja,
Joyline


Kimilili,
16 Machi 2025

Mwiwana wangu Joyline,

Barua yako niliipata Februari hiyo hiyo. Nimechelewa kwa sababu ya kulima, na uongo wangu mwingine wote nimeuweka akiba.

Huku mvua imeanza vizuri, mahindi tumeyatupa ardhini wiki jana. Anti yako Lornah amechaguliwa mweka hazina wa kina mama kanisani, kwa hiyo sasa hata sukari ya nyumbani naomba kwa maandishi. Kukhu hajambo. Goti lake analitibu kwa kulisimanga.

Nimeutazama mchoro wako wa mama yako akipiga pasi. Nimeuning'iniza ukutani, na hapo hapo nakwambia una makosa. Mkono umeuchora unavyoujua, hukuuchora unavyoonekana. Mtu anayepiga pasi anasukuma kwa bega. Wewe umemchora kama anayepapasa paka. Meza yako inapinda kwenda juu kama inataka kuruka. Ila uso wake umeupata. Uso ule si rahisi, nakupa pongezi.

Kuhusu darasa, usiende Dagoretti Corner kuwatafuta mafundi wa zamani. Wote wamenunua mashine za kuchapa mabango, na aliyebaki na brashi anapaka nayo krimu kwenye keki. Wewe nenda mjini. Nenda jumba lile la nyaraka za taifa, Tom Mboya Street. Kiingilio chake utaweza, na ndani kuna vigoda, vinyago, ngao, picha. Keti mbele ya kitu kimoja ukichore saa mbili nzima. Rudi Jumamosi nyingine. Wanaochora hukusanyika penye vitu vya kuchora, na kati yao hakosekani anayejua pa kufundishwa kwa bei ya mtu wa kawaida.

Jambo moja tu. Huko utakakoenda, usinitaje.

Mimi,
Khocha wako, Shem Wesonga


Uthiru,
Jumapili, 18 Mei 2025

Khocha,

Umepata mjukuu wa ng'ombe? Anti Lornah alimwambia Mama kwa simu kwamba yule mweusi alikuwa karibu kuzaa, na Mama akakumbuka kumwuliza kila kitu cha huko isipokuwa wewe. Tuko salama. Janice aliugua tumbo siku mbili kisha akapona siku ya kwanza ya likizo, jambo lililowashangaza wengine, si mimi.

Khocha, nimepata darasa. Yaani nimepata nusu ya darasa. Nisikilize polepole.

Nilikwenda jumba la nyaraka Jumamosi nne. Mlinzi wa ndani alinizoea, akawa ananionyesha mahali pa kukaa penye mwanga. Jumamosi ya nne nilikuwa nachora kigoda cha miguu mitatu, mguu mmoja ukinikataa kabisa, mama mmoja wa miaka kama sitini akasimama nyuma yangu. Ana nywele nyeupe zilizokatwa fupi na raba za kukimbilia.

"Hiyo mguu unaipenda sana ndio maana inakusumbua," akaniambia. "Chora nafasi yenye iko katikati ya miguu. Mguu itajileta."

Nilichora nafasi. Mguu ulijileta.

Anaitwa Mwalimu Hannah Nyawira. Alifundisha sanaa shule za upili miaka thelathini. Familia yao iko Dagoretti tangu babu zake, na nyuma ya nyumba yao kuna ghala ambako baba yake aliweka chakula cha ng'ombe. Ameliosha, akaweka viti ishirini, na kila Jumamosi saa tisa watu huja kuchora. Hakuna ada. Unakuja na karatasi yako na penseli yako. Nilitaka kumkumbatia nikaona nisimwogopeshe.

Lakini kuna sharti, Khocha, na ndilo linaloninyima usingizi. Kila mtu pale lazima afundishe wenzake kitu anachokijua kutoka nyumbani kwao au kazini kwake. Mungai ni kinyozi, alifundisha jinsi kichwa cha mtu kilivyo nyuma ya masikio, mahali ambapo hakuna mwingine anayepatazama. Fundi cherehani alifundisha mikunjo ya nguo. Muuguzi mmoja alifundisha mifupa ya kiganja kwa kutumia vijiti vya meno. Unakaa kwa majaribio, jina lako likiwa kwenye daftari kwa penseli. Zamu yako ikifika, unafundisha. Ukifundisha vizuri, jina linaandikwa kwa wino na kiti ni chako mpaka utakapoamua mwenyewe kuondoka. Ukishindwa, unafagia ghala, unashukuru, na nafasi anapewa mwingine. Wanaongoja ni wengi.

Mimi ni kiti cha ishirini. Zamu yangu ni Jumamosi tarehe 26 Julai, siku chache tu kabla ya shule kufungwa. Mwalimu aliponiuliza nitafundisha nini, nilitazama huku na huku. Najua nini mimi? Kupika ugali? Ndipo nikasema, kabla sijafikiri, "Kuandika herufi za mabango. Kwa brashi." Akafurahi. Akasema hakuna anayejua tena kazi hiyo kwa mkono.

Sikukutaja. Lakini Khocha, herufi hizo sizijui. Unazijua wewe. Niandikie namna ya kuzijenga tangu mwanzo, hata kama ni kurasa kumi. Nina miezi miwili.

Mwiwana wako,
Joyline


Kimilili,
8 Juni 2025

Mwiwana wangu,

Ng'ombe amezaa dume, tumeshukuru hivyo hivyo. Mahindi yanafika magotini. Kukhu anakusalimu, anauliza kama umeanza kula vizuri.

Nimefurahi umepata mwalimu wa namna hiyo. Neno lake kuhusu nafasi katikati ya miguu ni neno la mtu anayejua, mshike usimwachilie.

Hayo mambo ya herufi ni ya kizamani. Siku hizi kuna mashine. Wafundishe kitu kingine; wafundishe vile mama yako anavyokunja shati, ni kazi safi pia, na watu watapenda.

Anti Lornah amekutumia karanga, ziko chini ya mfuko.

Khocha Shem


Uthiru,
Jumapili, 15 Juni 2025

Khocha Shem,

Tumepokea karanga, asante kwa Anti. Wote hatujambo. Leo salamu zangu zinaishia hapo maana nina hasira, na Mama alinifundisha nisiandike kwa hasira, lakini nimeshaanza.

Nilipeleka kodi kwa Mzee Muchiri, mwenye nyumba. Aliniona nimebeba ubao wa kuchorea chini ya kwapa. Akanitazama, akacheka peke yake, akasema, "Hata wewe? Na vile mjomba wako alinifanyia?"

Nikamwuliza alimfanyia nini. Mzee akaketi. Ilionekana ni hadithi ambayo kwa muda mrefu alitafuta mtu wa kumsimulia.

"Ile nyumba yangu ya huko barabarani," akaanza, "mwaka wa kumi na nane, December, nilikuwa nimeipaka white mpya kabisa juu ya ruracio, hiyo sherehe ya mahari ya msichana wangu. Wageni wanakuja Saturday ijayo. Mimi nikaenda Murang'a kuita wazee. Kurudi Sunday jioni, ukuta yangu yote ni ya njano. Yote, mpaka juu. Na sabuni imechorwa, kubwa kuliko kitanda. Na mama anafua nguo. Shem alikosea nyumba. Kampuni ya sabuni ilimwambia aende kwa nyumba ingine, yeye akaandika kwangu."

Nikauliza ulifanya nini. "Alitoroka. Kulipokucha hakuwa hapo. Sasa nikaambia mama yako, hiyo ukuta irudi white kabla ya wageni ama mtoke kwa nyumba yangu. Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Akapaka yeye. Akitoka kazi anakuja na ndoo, peke yake. Njano inakataa kufunikwa. Alipaka mara tatu."

Khocha, Desemba ile mimi na Janice tulikuwa huko kwa Kukhu. Nakumbuka ulipofika na begi moja, ukasema umekuja kusaidia shamba. Kucha zako zilikuwa na rangi ya njano. Nilikuwa na miaka kumi, nikakuuliza, ukasema ni manjano ya pilau.

Na kuna jambo moja zaidi. Nilipokuwa nainuka, Mzee Muchiri aliniambia hivi: "Lakini nikwambie ukweli, msichana. Huyo mama wa sabuni alikuwa amechorwa vizuri sana. Alikuwa ni mama yako, sura yake yote. Mimi nilisimama hapo chini nikamwona anajipaka white kwa uso, na sikumwambia pole. Mpaka leo sijamwambia."

Kwa hivyo sasa najua kwa nini sufuria safi inaoshwa. Sijamwambia Mama kwamba najua. Wewe nakwambia. Ulimwacha na ndoo, na sasa unaniacha mimi na ubao. Zimebaki wiki sita. Nikikosa kiti hiki hakuna kingine, si kwa uwezo wetu. Nimetafuta mji mzima, nakuambia hakuna. Ukiniandikia tena kuhusu mahindi sitajibu.

Joyline


Kimilili,
6 Julai 2025

Mwiwana wangu Joyline,

Haya basi. Mahindi siyataji.

Yote aliyokuambia Muchiri ni kweli, na amenihurumia kwa kukuambia machache. Wakala wa kampuni alisema nitafute jengo jeupe lenye tangi la buluu juu. Nikaliona jengo jeupe lenye tangi la buluu, nisijue kwamba ni la Muchiri, nikasimamisha ngazi. Sikumwuliza hata mtu mmoja, kwa sababu nilikuwa fundi niliyejulikana na niliona aibu kuuliza njia. Ukiwa juu ya ngazi huoni nyumba, unaona ukuta tu. Siku mbili nilipaka huku naimba.

Picha waliyonipa ya mwanamke anayefua ilikuwa ya mrembo mwenye kucha ndefu ambaye hajawahi kushika sabuni. Nikaitupa. Nikachora dada yangu, kwa sababu kila asubuhi angepita pale akienda kazini, na nilitaka siku moja ainue macho ajione mkubwa, juu ya barabara, watu wote wakimtazama. Nilitaka kumshangaza. Basi nikamshangaza.

Usiku ule Muchiri alipiga kelele mlangoni na mama yako akasimama mbele yangu kunitetea. Alikuwa anasema, "Ndugu yangu atairekebisha asubuhi." Mimi nilikuwa nyuma yake namsikia akitoa ahadi yangu, na kabla hakujapambazuka nikaondoka. Hata sikumuaga. Miaka sita na nusu nimemtumia karanga. Sijashika brashi tangu siku hiyo, na nilipokujibu vibaya mwezi jana si kwamba herufi ni za kizamani. Niliogopa tu kuziandika.

Sasa chukua penseli.

Herufi inajengwa, haiandikwi. Kwanza mistari miwili, wa juu na wa chini. Usitumie rula, ubao ukiwa mrefu rula inadanganya. Chukua uzi wa pamba, uupake chaki, watu wawili waushike kila mmoja upande wake, uvutwe mpaka ulie, kisha mmoja aunyanyue katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Mstari utakaopatikana hauna ubishi.

Neno usilianzie kushoto. Hilo ndilo kosa la kila mtu, kwa sababu shuleni tulifundishwa kushoto kwenda kulia, na ubao unakuishia kabla ya neno. Hesabu herufi, tafuta ya katikati, iweke katikati ya ubao, kisha jenga kwenda pande zote mbili. Lakini kuhesabu peke yake hakutoshi: I ni nyembamba, M na W ni wanene, wanakula nafasi ya wawili. Ukiona upande mmoja una wembamba wengi, sogeza ile ya katikati kuelekea huko kidogo. Macho yako yatakuambia kiasi.

O na G zizidishe mstari kidogo juu na chini, upana wa uzi. Ukizilinganisha sawasawa na wenzao zitaonekana zimekonda, na mteja atakuambia kuna kitu kimekosekana bila kujua ni nini.

Mkono wa kulia usiuache hewani. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto, iegemeze pembeni mwa ubao, kisha mkono wa brashi ulale juu ya fimbo. Vuta brashi kwa bega, kama mama yako na pasi. Usirudi mara mbili mahali pamoja. Rangi ikikosea iache ikauke, kisha urekebishe. Ukiifuta mbichi unaharibu viwili.

Nimekuchorea alfabeti nzima kwenye karatasi tatu zilizomo. Mkono ulikuwa umesahau mpaka herufi ya F, halafu ukakumbuka.

Bahasha hii sikuandika namba ya Mama Kasyoki. Nimeandika ya mama yako. Kama ameifungua yeye kwanza, ni sawa. Veronicah, kama ni wewe unayesoma, maneno ya juu ni yako kuliko ya mtoto. Nisamehe.

Shem


Uthiru,
Jumapili, 27 Julai 2025

Khocha wangu,

Hamjambo wote? Sisi hatujambo kupita kiasi, nitakueleza. Janice amepata namba mbili darasani na anadai namba moja aliibiwa. Miguu ya Mama haijavimba wiki hii, au imevimba na hakuna aliyekuwa na wakati wa kuitazama.

Ofisi ya basi ilimpigia Mama akiwa kazini. Alikwenda kuchukua bahasha mwenyewe. Jioni ile aliingia, akalivua koti lake, akaniwekea barua yako kando ya sahani yangu ikiwa imefunguliwa. Tulikula. Aliosha vyombo, safari hii vilikuwa vichafu kweli. Kisha akafungua sanduku la nguo, akatoa uzi wa pamba wa kufumia vitambaa, akaniuliza, "Chaki uko nayo?"

Khocha, karibu wiki tatu tumelala saa nne. Mama ananishikia uzi upande wa pili, mimi naachia. Ameniambia kwamba Dagoretti Corner, ulipoanza kazi na huna msaidizi, yeye ndiye aliyekushikia. Anajua hata pa kuukunja usiteleze. Hukuwahi kuniambia hilo, na yeye pia hakuwahi.

Sasa jana. Nilifika ghalani saa nane na nusu nikiwa na mbao ishirini fupi ambazo Mungai kinyozi aliniombea kwa seremala wa jirani yake, na kopo moja la rangi nyeusi. Watu wakajaa. Wote wananizidi umri isipokuwa mmoja, na wengine wananizidi mara tatu. Mwalimu Hannah akaketi nyuma kabisa na daftari lake mapajani.

Niliamua nisiwafundishe kwanza. Niliwaambia kila mtu aandike DAGORETTI kwenye ubao wake kwa penseli, ikae vizuri, dakika kumi. Wakainama kama watahiniwa. Mungai alifika DAGORET, ubao ukaisha. Muuguzi alibana zile za mwisho mpaka T mbili zikawa kama uzio. Fundi cherehani peke yake ndiye aliyebakiwa na nafasi, na ilikuwa upande wa kulia, pana kama uwanja. Ghala zima likacheka, na kicheko hicho kilinitoa woga wote. Nikasimama.

"Sasa tuanze katikati," nikasema.

Nikawaonyesha. Herufi tisa, ya katikati ni R. Nikawauliza kama R ikae katikati kabisa ya ubao. Wakasema ndiyo. Nikawaambia watazame kulia: E, T, T, na I, wembamba watupu, na kushoto wamejaa wanene. Kwa hivyo R inasogea kulia kidogo. Muuguzi akasema "aah" kwa sauti ya chini, sauti ile ya mtu aliyeelewa. Sijui kama umewahi kuisikia kutoka kwa mtu uliyemfundisha. Ni sauti tamu kuliko yote ninayoijua.

Ikafika zamu ya uzi, kwa ubao mkubwa wa mbele. Nikaomba mtu wa kunishikia. Kabla yeyote hajainuka nikasikia mlangoni, "Mimi nitashika."

Alikuwa Mama. Aliomba ruhusa akatoka mapema, akaja moja kwa moja kutoka Spring Valley, bado amevaa aproni ya kazini. Sikumwalika, niliogopa kwamba akija nitashindwa mbele yake. Alipita katikati ya viti, akashika uzi upande wake, akauvuta mpaka ukalia. Nikaachia. Mstari ukatoka mweupe, umenyooka. Mama akautazama, halafu akawatazama wale watu wote, akasema, "Hii kazi ni ya ndugu yangu. Shem Wesonga, alikuwa na kibanda hapo tu Dagoretti Corner. Hakuna mtu alikuwa anaandika kumshinda."

Alilisema jina lako lote, Khocha, kwa sauti ya juu. Mzee mmoja mbele akasema anakukumbuka, uliandika jina la duka la baba yake, na mvua ya miaka kumi na mitano haijalifuta.

Tulizigeuza mbao, tukaandika upya kwa brashi mpaka saa kumi na mbili. Mbao zote ishirini zimeegemezwa ukutani kukauka, na hakuna hata moja iliyoishiwa na nafasi. Mwalimu Hannah alipita akizitazama moja moja, mikono nyuma. Akarudi kwenye daftari lake, akafuta jina langu la penseli, akaliandika tena kwa wino. Akanionyesha. Akasema, "Kiti ni chako. Ukimaliza form four ukitaka kukaa, kaa. Na mwezi wa tisa nataka utufundishe tena, hizo herufi za kulala, zenye zinainama upande." Nilijaribu kusema asante nikalia tu, mbele ya watu wote, na sikuona haya.

Tulipokuwa tunatoka simu ya Mama ikalia. Ilikuwa Mwalimu Mutiso wa tuisheni. Alikuwa anaandika majina ya likizo ya Agosti, anataka kujua kama aniweke kwenye kundi la Jumamosi. Nilisimama nikiwa nimeshika kopo la rangi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kama kawaida yake.

"Hapana, Mwalimu," akamwambia. "Mwekee mtu mwingine hiyo nafasi. Saturday Joyline ako na class."

Akakata simu, akaniambia tutembee haraka, Janice hajala.

Wako katika furaha nisiyojua niiweke wapi,
Joyline